Swali la Daiva

Daiva aliuliza, kalamu ikiwa imening'inia sikioni:
kuna tofauti gani kati ya start na begin?
Mwalimu Enid Thackray akatazama dirishani.
Mvua ya Grimsby ilipiga mapaa ya viwanda vya samaki.
Akasema: hakuna.
Kisha akasema: ipo.
Kisha akaomba radhi, akamenya chungwa.

Miaka thelathini na minne alikuwa karani bandarini.
Maneno hayo aliyatumia kama mikono yake miwili,
hakuwahi kujiuliza ni upi unaoshika kikombe.

Rebwar, fundi magari, akainua kidole chenye grisi:
injini haina begin, hata uibembeleze.
Injini ni start. Cheche, basi.

Bi Thuan naye akakunjua barua ya mwenye nyumba,
neno la tatu likatokeza, commence, limevaa tai:
kodi mpya, kuanzia tarehe mosi.
Neno hili, alisema, halijawahi kuniletea mgeni mwema.

Mwalimu akashika chaki.
Start ina teke, aliandika, begin ina pumzi.
Mbio ni start, kwa mlio wa bastola;
siku ni begin, mwanga ukinyemelea mapazia.
Akasita. Akaikumbuka asubuhi hiyohiyo,
maziwa yalivyofurika jikoni, paka akaruka.
Akafuta ubao kwa mkono wa sweta.

"Na mimi?" Daiva alisema.
"Nilishuka hapa na begi moja,
mume nimemwacha kaburini Šiauliai.
Ile ilikuwa start, au begin?"

Bomba la joto likagonga ukutani, likanyamaza.

"Start ina tarehe," mwalimu alisema polepole,
"unaweza kuiandika kwenye fomu.
Begin huijui. Unageuka siku moja
unakuta ilishapita nawe."

(Nami ninayesimulia nina anza na anzisha,
nina zindua kwa wenye mikasi na utepe,
nina asisi kwa waliokwisha kufa.
Gari kwetu huwaka, kama moto, kama hasira.
Utajiri wote huo,
na swali la Daiva bado limenikaa kooni.)

Saa tatu usiku, uwanja wa magari umeganda.
Gari la Rebwar likakohoa, likakataa.
Akafunua boneti, akalisema kwa Kikurdi,
akalipigapiga ubavuni kama ng'ombe mkaidi.
Mara ya nne likanguruma ghafla,
na Enid Thackray, aliyekuwa akitafuta glavu,
akaruka, mkono kifuani.

Hiyo pia ni start, alikumbuka, akicheka peke yake:
mwili kustuka kabla akili haijaulizwa.
Stuka, start. Tazama zinavyofanana mdomoni,
maneno mawili yasiyojuana hata kwa salamu.

Nyumbani hakuvua koti.
Juu ya meza ya jikoni ilikuwapo karatasi
yenye tarehe ya mwezi Machi, na chini yake: Mpendwa Maud.
Basi. Dada yake, miaka kumi na mmoja ya kimya
kwa sababu ya kabati la marehemu mama yao,
na barua iliyokuwa na start tu.

Akaikata tarehe kwa mstari mmoja.
Chini ya jina akaandika, bila kukaa:
Leo mwanafunzi ameniuliza swali, nami sikulijua jibu.