Kituo cha Sita

Mto wa Novemba hauingiwi miguu mitupu.
Unavaa buti za mpira hadi nyongani,
unasimama ukitazama maji yanakotoka,
unaizamisha chupa kifudifudi, kisha unaigeuza taratibu
ikutane na maji kabla hayajakugusa wewe.
Ndivyo alivyotufundisha Bi Thessaly Crum
katika ukumbi wa zimamoto, sote sita,
kitindamimba wetu ana miaka hamsini na tisa.

Kijito chetu hakina makuu. Mbwa hukiruka.
Ramani ya kaunti inakichora bila jina,
lakini wanangu walijifunzia kuogelea humo,
na kiangazi kilichopita wajukuu walitoka
na upele shingoni.

Tulijua ni kuku. Nani asiyejua?
Mabanda kumi na mawili ya Doyle Pruitt,
harufu inayoingia kanisani kabla ya mchungaji.
Tulisema kwa kinyozi, tulisema kwenye foleni ya posta,
tulisema kwa sauti ya watu wenye ushahidi,
kisha ndipo tukaenda kuutafuta.

Darajani: madoa mia tisa.
Nyuma ya gereji: mia tisa na arobaini.
Usiku nahesabu visahani mezani jikoni,
buluu, buluu, buluu,
kama anayechambua maharage ya wageni.
Kwenye fomu kuna safu ya *chanzo kinachodhaniwa*.
Nilikwisha andika Pruitt tangu Agosti,
mistari yote, hata ile isiyo na namba.

Chini ya mabanda: elfu moja na mia.
Nikacheka peke yangu.
Juu ya mabanda: elfu moja na mia tatu.

Nikapima tena. Nikabadili chupa.
Nikailaumu barafu ya kisandukuni, nikakilaumu kipimajoto.
Namba ilikuwa inapanda kilima pamoja nami,
inanitangulia hatua mbili,
kama mbwa anayejua njia ya nyumbani.

Kituo cha sita kiko chini ya bustani yangu.
Kuna majani mabichi pale hata wakati wa jalidi,
mabichi mno, na mimi kila mwaka nimeyasifu.
Elfu mbili na mia nne.
Hatua arobaini juu yake, chemchemini: mawili.
Mawili tu, na chini ya jiwe
buu la nzi-mawe limeshikilia kwa kucha zote,
mdudu asiyevumilia uchafu,
jirani yangu miaka yote hiyo.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake.
Nami niliyafika kila asubuhi, kwa kuvuta mnyororo.

Orval alilaza bomba lile mwaka aliozaliwa Janelle,
kwa sepetu, siku tatu, bila kibarua,
akanawa mikono, akasema: hili litatuzika.
Limemzika yeye.
Halikuwahi kufika kwenye tangi la choo; au lilifika,
likachoka. Chuma nacho kina umri wake.

Nilifuta Pruitt kwa wino, mstari baada ya mstari,
nikaandika Tackett
kwa mwandiko ule ule wa kadi za shukrani.
Kisha nikampigia simu Doyle. Nilisema mengi.
Alinyamaza hadi nikadhani laini imekatika.

Jumamosi alikuja na katapila lake,
kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.
Hakutaja kuku, wala posta, wala kinyozi.
Aliuliza kitu kimoja: bomba linapita wapi?

Nikamwonyesha kwa ncha ya buti.