Risasi Isiyo na Haraka

Baba alipostaafu uaskari wa wanyamapori
alirudi Igombe na bunduki moja yenye kibali,
bega moja bovu,
na maneno machache kuliko aliyoondoka nayo.

Jumamosi, vyombo vikishaoshwa, anaifuta meza ya jikoni,
anazima redio, anafunga dirisha
upepo wa ziwa usije ukaigusa mizani.
Mizani ni ya sonara; aliinunua Geita
kwa mtu aliyefilisiwa na dhahabu.
Sasa inapima baruti:
punje, na punje,
halafu ile moja anairudisha koponi kwa ncha ya kisu.

Mama anasema, Lugembe, mtu mzima na fataki!
Juzi kamfumania akichopoa sufi kwenye mto wa kulalia,
ya kuizuia baruti isilale upande ndani ya ganda.
Mto wenyewe ni wa mahari.
Baba hajibu. Ananusa ganda, analipuliza,
ganda lilelile la mwaka juzi, limepigwa na kujazwa
mpaka kitako kimefanya kovu.

Risasi yenyewe ilikuwa chubwi.
Ilizama miaka kwenye nyavu za marehemu Bugumba,
ikavuta sangara wa kuliwa nchi ambazo hakuzifika.
Wavu ukaoza, chubwi zikabaki;
baba akazinunua kwa kilo, akaziyeyusha nje,
moshi ukielekea kwa jirani asiyempenda.
Nikamwambia, lugha yetu ina ubahili:
ya kuzamisha risasi, ya kurusha risasi.
Akacheka kwa pua.

Jioni tunashuka kwenye shimo la kifusi
lililoachwa na wajenga barabara.
Kifuniko cha ndoo ya rangi kimeegemea ukuta wa udongo.
Wadudu wa ziwani wamesimama juu ya maji
kama moshi wa meli isiyokuwepo.
Anapiga.
Mlio wake ni wa mlango wa kabati.
Mnandi juu ya jiwe anageuza shingo, anaendelea kukausha mbawa.
Bega halipigwi teke.
Unaweza kuhesabu moja, unaweza karibu kuhesabu mbili,
ndipo kifuniko kinasema ti.

"Za kazini zilikuwa na safari," anasema.
"Hizi zinatembea tu."

Mimi nilirudi nyumbani mwezi wa pili na begi moja.
Sasa ni wa tano.
Mama aliuliza siku ya kwanza, ya pili, ya tatu,
kisha akaanza kuniulizia kwa shangazi.
Baba alinionyesha tu namna ya kushika mizani.

Leo zamu yangu. Navuta pumzi, nafyatua.
Pff.
Kifuniko kimya. Udongo kimya.
Mkono wangu tayari uko kwenye komeo, niweke nyingine,
na mkono wake juu ya wangu, mzito,
sijaguswa hivyo tangu utoto.

"Usipige ya pili.
Kuna moja imekwama humo.
Ukiisukuma kwa nyingine kasiba inapasuka,
na uso wako ndio uko nyuma yake."

Akaketi juu ya mchanga. Akafungua komeo, akachungulia: giza.
Akaingiza mdeki wa shaba, akagonga
kwa kipande cha mti, taratibu,
kama anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa.
Muda mrefu. Jua likagusa Ukerewe, au mahali nidhaniapo ni Ukerewe.
Chubwi ikadondoka kiganjani mwake,
imechorwa mistari ubavuni, ina uvuguvugu.

Akaitazama.
"Nilitia kidogo mno," akasema. "Nilidhani napunguza maumivu.
Kosa ni langu."

Akaniwekea mkononi.
Ilikuwa nzito kuliko nilivyotegemea.
Huko juu mama alikuwa anaita, dagaa wameiva.
Hatukuitika.
Nikaanza na jina la mume wangu,
na baba akailaza bunduki chini.