Gumba la Zayana

Wiki mbili baba yake yuko Marmul, kwenye visima,
wiki mbili yuko nyumbani. Gumba linaijua kalenda hiyo
kuliko mimi. Basi la kampuni likikata kona
pale duka la mkate, Al-Khuwair bado giza,
gumba linaingia mdomoni
kama mwenye nyumba aliyetoka mara moja tu.

Miaka mitano kasoro miezi. Meno ya mbele
yameanza kuchungulia nje.
Daktari wa meno kule Seeb, mtu wa Kerala, mpole,
aliligeuza gumba kwenye mwanga wa taa,
jeupe, limekunjamana kama la mfua nguo,
na sugu dogo juu ya fundo.
Akaniuliza kwa Kiarabu cha kuokoteza:
"Saa ngapi hasa?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimehesabu meno,
sikuhesabu saa.

Mama mkwe hakuwa na swali. Bi Ghaniya alikuwa na kichupa:
shubiri, imetoka Pemba ndani ya sanduku la mtu,
imefungwa kwa nailoni tatu.
"Wanangu saba," akasema, "na hata mmoja
hakwenda nikahini na kidole mdomoni."
Akapaka.

Zayana akaonja. Uso ukajikunja wote.
Hakulia. Alilifuta gumba kwenye kanga yangu,
akalionja tena, akalifuta, akalionja,
akaila ile shubiri mpaka akaufikia utamu wake chini,
kisha akanitazama
kwa macho ya mtu aliyeibiwa na anayemjua mwizi.

Usiku nikamwosha. Maji ya bomba mwezi wa Juni
hayapoi hata saa sita;
tulisimama kwenye sinki, nasugua kwa sabuni na ndimu,
nakiomba radhi kidole.

Ndipo nikaanza kuandika saa.
Katuni za magharibi.
Garini, taa ikiwa nyekundu.
Simu ya baba yake ikikatika katikati ya neno.
Mimi nikipaza sauti jikoni:
hilo nililiandika, nikalifuta, nikaliandika tena.
Kalamu ilikuwa na alama za meno yangu.

Siku tatu kabla ya Idi akashuka Salha wa ghorofa ya juu
na bakuli lake la hina.
Zayana akanyoosha mikono kama mtu mzima.
Salha akachora kikonyo cha karafuu kiganjani,
halafu gumba akalivisha kofia nzima,
nene, nyeusi, inanuka mvua.
"Huyu bibi harusi," akasema. "Bibi harusi haliwi.
Ukimlowesha tu, rangi inakimbia."

Mchana kutwa bibi harusi akatembezwa:
kwa muuza duka, kwa jirani yetu Mbaluchi,
kwa paka wa ngazini, ambaye alinusa akaondoka.
Usiku, macho yakishazama,
bibi harusi akatoroka akarudi kwao.
Nilimwona. Nikamwacha.
Asubuhi ncha imepauka. Zayana akaitazama
muda mrefu, hakusema kitu,
akapanda ngazi peke yake kumgongea Salha.

Mara nne alipanda. Au tano.

Leo alfajiri basi limekata kona.
Zayana alisimama dirishani, gumba ndani ya ngumi,
vidole vinne vimelizunguka
kama wanawake wanaomshika mfiwa.
Basi likapotea. Akaomba chai.

Na sasa ni usiku, nasikia kiyoyozi tu.
Miaka yote hii ile sauti ndogo, nch, nch,
ndiyo iliyoniambia amelala, yu mzima.
Nainuka. Naweka kiganja karibu na pua yake,
nasubiri pumzi, inakuja,
narudi kitandani
na sijui mikono yangu niiweke wapi.