Noti ya Shemasi Milsap

Shemasi Milsap ameileta Jumanne, theluji ikidondoka,
kaikalisha kiti cha nyuma, kaifunga mkanda kama mjukuu:
amplifaya ya mwaka hamsini na tisa,
kitambaa chake kimebabuka pembeni,
mpini umeshonwa upya kwa mshipi wa suruali.
"Inakohoa," kasema. "Katikati ya Zaburi, inakohoa.
Mengine yote mazima. Usinigusie mengine."

Hapa Toledo, katika karakana ya marehemu baba,
sheria ya kwanza imeandikwa ukutani kwa chaki:
MKONO MMOJA MFUKONI.
Maana hii si redio ya betri. Ukiichomoa ukutani
haijalala; inajifanya.
Ndani ya kapasita zake volti mia nne zimejikunyata
zikingoja kidole cha mjuaji.
Baba zilimrusha mara moja hadi kwenye rafu ya misumari;
akaamka akicheka, akanitazama, akaacha kucheka.

Basi nikazimwaga kwanza, taratibu, kwa waya na rezista,
macho kwenye mita: mia tatu, tisini, kumi na mbili,
sifuri. Nikangoja tena.
Zina tabia ya kurudi.

Kisha kuwasha, kisha kugonga. Ncha ya mbao ya penseli,
valvu moja moja, kama daktari kwenye kifua:
ya kwanza kimya, ya pili kimya,
ya tatu ikalia kengele ndogo. Si mgonjwa huyu, ni uzee.
Kikohozi kilikaa kwingine, kwenye kiungo cha lehemu
kilichopasuka duara jembamba kama ukucha wa mtoto,
kinashika kikiwa baridi, kinaachia kikipata moto.
Hata kiungo huchoka na Zaburi ndefu.
Nikakiyeyusha, moshi wa msonobari ukanipanda puani,
kikang'aa, kikaganda. Dakika mbili.

Ningeishia hapo.

Lakini chini ya kila kitu palikuwa na mvumo,
mmm mzito, wa nyuki ndani ya ukuta.
Kapasita zimevimba matumbo, zimetoa machozi makavu;
siku moja zingepasuka, zingeiua na transfoma.
Fundi gani humrudishia mtu kidonda alichokiona?
Nikazing'oa. Nikatia mpya. Nikawasha.
Kimya. Kimya cha kujivunia.

Jumapili nikaenda kusikiliza kazi yangu.
Shemasi akalaza gitaa mapajani, akainamisha kichwa,
akangoja. Akagusa kirungu cha sauti. Akangoja.
Watu wamesimama, vitabu wazi.
Akaniona safu ya nne:
"Binti Renfro, noti yangu umeipeleka wapi?"

Kimya kingi kile, na mshindo wake ukanipiga kifuani.

Miaka thelathini na mmoja alikuwa akikaza nyuzi zake
kwa ule mvumo. Noti isiyo na makao kwenye piano yoyote,
imekaa katika ufa kati ya weupe na weusi,
na kanisa zima, bila kuambiwa, likaimba ndani ya ufa.
(Mpiga piano aliacha kazi zamani sana,
akidai kichwa kinamuuma.)

Sikuwa na la kusema. Nikapita pembeni mwa madhabahu,
nikaufungua mlango wa jikoni, nikauzuia kwa kiti.
Jokofu. Jokofu kuukuu la sufuria za maharage,
limechomekwa kwenye umeme uleule wa mji,
likiguna neno lilelile juu ya mitungi ya maziwa.

Shemasi akatega sikio. Akakaza uzi. Akalegeza. Akakaza.
Nyuzi tano zikakaa.
Jokofu likajizima, kama kawaida ya majokofu.

Hakuna aliyecheka. Mkono wake ukabaki hewani
juu ya uzi wa sita,
mpaka Bibi Eulalie Crump, mwisho wa benchi la mbele,
koti hajavua, mdomo kaufumba,
akaushika ule mmm pale ulipoachiwa
akaendelea nao.