Mita Nne na Nusu

Hapana, Mzee Ifor, bomba haliwezi kutoboa ukuta
likatema moshi hapo juu ya mapipa ya taka.
Najua chumba chenyewe ni kifupi,
paa lake bapa kama kofia iliyokaliwa.
Lakini nyumba kubwa imesimama ubavuni mwake,
orofa mbili za jiwe la Wales,
na upepo ukishuka kutoka machimboni
huugonga ukuta ule, hupinduka,
hurudi chini ukitafuta tundu.
Dohani fupi ni tundu.
Utakaa hapa Januari machozi yakikutoka
na hujafiwa.

"Nimefiwa," akasema,
akatazama mvua.

Lowri, bintiye, alikuwa ameleta chai.
Alinikata jicho, nikajua nimekosea nyumba ya kufanyia mzaha.

Basi nikapima.
Kichwa cha jiko hadi mdomo wa dohani:
mita nne na nusu, isipungue.
Upana wa ndani milimita mia na hamsini.
Humu chumbani bomba la ngozi moja,
likae mbali na mbao mara tatu ya upana wake;
likishavuka dari livae ngozi mbili,
sufi ya mwamba katikati, lisije likapata baridi.
Viwiko viwili, basi,
tena vilegevu,
kwani moshi ni kama mlevi:
mpe kona nyingi, atalala njiani.

Nikanyosha kidole. Litapanda hapa,
litapita pale mbele ya dirisha la juu,
limalizikie juu ya mgongo wa paa.

"Pale, hapana."

Alivuta pumzi kati ya neno na neno.
Miaka thelathini na minane ya kupasua mawe ya kuezekea
ilipiga filimbi nyembamba kifuani mwake.
Ninazijua dohani zinazolia hivyo.
Njia imeziba; moto hauna kosa.

Lowri ndiye aliyenieleza, nje, chini ya mwavuli:
dirisha lile ni la mama, Nesta.
Mwaka wake wa mwisho alikataa pazia.
Alihesabu kondoo wa jirani akiwa kitandani,
akikosea kwa makusudi ili aanze tena.
Baba hawezi tena kupanda ngazi,
ndiyo maana ya chumba hiki,
lakini kukikauka hutoa kiti cha plastiki bustanini
na kulitazama.

Nikajaribu kwa penseli.
Kiwiko kimoja, cha pili,
na ili kulikwepa dirisha, cha tatu.
Cha tatu hakiruhusiwi.
Kanuni haimjui Nesta.

Nilikunywa chai yote, ikiwa imepoa.

Kisha tukasogeza jiko.
Sentimita tisini kushoto,
na bamba la jiwe chini yake,
na kitanda, ambacho sasa kingetazama mlango.
Lowri alifuta chaki sakafuni kwa soksi, akachora upya.
Bomba likanyooka bila kiwiko hata kimoja,
likapita kando ya dirisha, mbali kuliko sheria inavyotaka,
likapanda, likaupita mgongo wa paa.

Kengele ya ile gesi isiyo na harufu nikaifunga darini,
si juu ya jiko kabisa, si mbali mno.
Nikaibonyeza, ikapiga yowe,
mbwa akajificha chini ya meza.

Tukawasha kwa mwaloni uliokauka miaka miwili.
Wahenga walisema palipo na moshi pana moto.
Mimi hulipwa ili moto uwepo
na moshi usijulikane.

Mzee akatoka nje bila koti.
Juu kule hapakuwa na kitu,
ila hewa iliyotetemeka kidogo
na nyuma yake mlima ukitetemeka nayo.

"Inavuta vyema," nikamwambia.
"Heri yake," akasema, akakohoa,
macho yake yakiwa dirishani.

Katika ankara sikuandika kusogeza.
Nitarudi Septemba, na brashi.