Aliyepika Hakuwa na Haraka

Nina rafu moja, mbao ya kreti kuukuu,
nimeipigilia misumari juu ya redio.
Watoto wa dada yangu huiita kabati la dawa.
Sibishi. Kila chupa ina ugonjwa wake.

Ya elfu mbili
haina lebo; zamani ilikuwa ya maji.
Nipa ya Bi Nantende, ya mabibo ya Oktoba,
yale mekundu, yaliyookotwa kabla jua halijayachemshia chini.
Ukiiwasha kwenye kijiko, moto wake wa buluu
hauonekani mchana; unajua upo
kwa sababu vinyweleo vya kidole vinanuka.
Hii ni ya Jumatatu,
ya malipo ya pili yaliyochelewa,
ya ukungu wa Newala unaoingia mpaka kwenye soksi.
Haibembelezi. Inakukamata ukosi,
inakuuliza: wewe, umekula?
Halafu ikishapita, nyuma ya ulimi
linabaki bibo lenyewe, tamu, linalokaba,
na utoto wangu wote,
na fulana zenye madoa yasiyotoka.

Ya elfu kumi na tano
ni ya dukani. Ya wageni. Sina neno nayo.
Kama mwalimu mpya: safi, imenyooka,
na mkiagana hukumbuki ilisema nini.

Ya tatu
aliileta Dismasi, mpwa wangu,
aliyekuwa mpishi wa wachimba gesi kule Msimbati.
Wiski ya mahindi, ya Marekani.
Niliposikia mahindi nilicheka: si tunasonga sisi?
Aliponitajia bei niliacha kucheka.
Laki moja na themanini!
Nikapiga hesabu kwa salfa, kama tupigavyo huku:
mifuko minne,
shamba zima la marehemu baba limepona ubwiriunga.
Nikaiweka miezi saba bila kuigusa,
naitazama kama mtu anavyotazama barua ya benki.

Siku niliyoifungua mvua ilinyesha, umeme ulikatika.
Rangi yake, kwa mshumaa, chai ya rangi iliyosahaulika jikoni.
Puani, kashata iliyoungua upande mmoja,
kisha vumbi la mbao, siku fundi anapopasua gogo kavu.
Mdomoni haikuwa na ngumi.
Ilishuka kifuani polepole
kama mtu anayetafuta swichi gizani
katika nyumba anayoijua.

Nikampelekea Bi Nantende kidogo, kwenye kikombe cha kahawa.
Akanusa. Akachovya ulimi. Akafumba macho,
yeye aliyepika miaka thelathini
kwa debe, bomba la shaba
na maji ya kupozea anayonunua kwa ndoo,
yeye ambaye hajawahi kusifia hata mvua.
"Aliyepika hii," akasema, "hakuwa na haraka."
Akanirudishia kikombe.
"Mimi nina ada keshokutwa."

Basi mkitaka kujua ipi bora, niulizeni vizuri:
bora kwa nani, siku gani, mfukoni mna ngapi.
Ya elfu mbili nimeinywa msibani ikanishika mkono.
Ya laki ilinifundisha kukaa kimya.
Ile ya katikati,
nimeshasema, ni ya wageni.

Ya laki iliisha Pasaka. Chupa tupu aliiomba yeye.
Nilidhani ya mafuta ya taa.
Juzi nimeiona nyuma ya mtungi wake,
imejaa, mdomo umezibwa kwa nta,
na ndani kijiti cha mkorosho, kimechomwa kikawa mkaa,
kimesimama kama mtu dirishani.
Nipa imeanza kugeuka manjano.
Nikanyoosha mkono. Akanipiga kwa mwiko.
"Mpaka Somoe amalize kidato cha nne."

Somoe yuko cha pili.

Nimeacha nafasi kwenye rafu, upana wa chupa moja.
Bei yake sijui, naye hajui.
Jioni, taarifa ya habari ikianza,
redio huitetemesha mbao yote,
chupa zinagongana kidogo,
na ile nafasi inakaa kimya.