Farasi Watatu Darajani

Saa saba mchana, kusini kabisa mwa Chile,
nasoma salamu za watu ambao simu haiwafikii:
"Kwa Eduvina Nahuelquín, bonde la juu:
Lisandro ametoka hospitali. Mguu bado unauma.
Alhamisi, farasi wawili darajani."
Kisha nakohoa, nageuza karatasi:
mtu anauza kondoo dume.

Sauti yangu ni pumzi tu, haivuki hata uwanja.
Huingia wayani, ikapanda mlingoti wa kilimani,
na humo umeme hukimbizwa juu chini, juu chini,
mara laki tisa kwa sekunde,
hata hewa ikatikisika.
Si hewa, fundi Remigio hunikosoa;
wimbi halidai hewa, hupita hata pasipo kitu.
Wala halibebi maneno kama punda na magunia:
linanenepa nikipaza, linakonda nikinong'ona,
umbo lake ndilo neno.

Kabla sijameza mate limekwisha fika,
likitambaa juu ya majani mabichi,
likiinama na migongo ya vilima.
Ila nyuma ya mlima wa barafu pana kivuli,
na Eduvina anaishi kivulini.

Kwa hiyo nasoma tena saa tatu usiku,
jua likishaiachia anga.
Huko juu, mbali kuliko mawingu yote,
kuna tabaka linalorudisha wimbi
kama ukuta urudishavyo mpira.
Hushuka bondeni bila hodi,
limechoka, limechanganyika
na mahubiri ya Argentina na mikwaruzo ya radi.

Antena yake ni waya wa ua wa kondoo.
Umeme uliolala humo huamka,
ukacheza ngoma ya mlingoti wangu, kidogo, kidogo sana;
yeye anazungusha kitufe kwa vidole vya kukamulia,
mpaka redio ikubaliane na laki tisa zangu,
na kipaza sauti kitetemeke:
koo langu, katika jiko nisilolijua.

Nasema kitetemeke. Sijui.
Redio yake ni sikio, haina mdomo.
Miaka kumi na tisa nasemesha ukimya.

Mwezi uliofuata, dereva wa lori la magogo
aliniambia: Alhamisi ile, theluji ikianguka,
mwanamke alisimama darajani tangu alfajiri
na farasi watatu.

Nilisema wawili. Karatasi ninayo.
Remigio anadai radi ilitafuna neno.
Huenda. Lakini yule wa tatu, dereva alisema,
hakuwa na tandiko.
Alibeba godoro.

Basi "mguu" ulifika mzima.